Kishikizo cha Ikupa

1

Simu iliita mara kumi na moja, na mimi niliisikia mara zote kumi na moja. Hilo watu hawaniamini nikiwaambia. Wanadhani kishikizo, kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio langu, kinaziba masikio. Hakizibi. Nilisikia kila mlio, nikajua ni simu yangu, nikajua iko mfuko wa kushoto wa ovaroli, na pengine hata nilijua ni shule. Ila mlio wenyewe ulikuwa kama wa simu ya mtu mwingine, kwenye nyumba nyingine, na mwenyewe yupo karibu, atapokea.

Nilikuwa nimeshika geji namba saba, kwa akili, si kwa mkono.

Kazi yangu kwenye mtambo wa mvuke wa Lupando ni kuangalia presha ya kisima cha saba, ambacho kinaingia chini ya mlima kilomita mbili na nusu. Mvuke unapanda wenyewe, unazungusha mashine, na umeme unakwenda hadi Mbeya. Visima sita vya kwanza vinaangaliwa na kompyuta. Cha saba kina tabia yake. Kabla ya kupandisha, sindano hutetemeka kidogo, kama mtu anayetaka kupiga chafya, na kompyuta huuona mtetemo huo kuwa si kitu. Mimi niliuzoea miaka ambayo nilikuwa mfagiaji wa chumba kile. Hakuna aliyenifundisha. Ndiyo maana wakanipa kiti. Na wakanipa kishikizo pia, kwa sababu bila hicho ningeiangalia sindano dakika nne, na dakika ya tano ningekuwa nje nikiangalia jinsi mafundi wanavyokaza nati za bomba.

Saa nane kamili mchana mwenzangu wa zamu aliketi, akaweka kidole nyuma ya sikio lake, akasema, "Nashika geji saba." Mimi nikasema, "Naachia."

Hapo ndipo simu ikawa yangu. Milio yote kumi na moja ilinirudia kwa pamoja. Nilitoka mbio hadi kwenye korido, nikapiga.

"Mama Ikupa," mwalimu wa darasa la kwanza alisema, "tumekutafuta tangu saa nne."

"Yuko wapi?"

"Yupo, yupo. Ameshashuka."

"Ameshuka kutoka wapi?"

"Juu ya tangi la maji."

Ikupa alikuwa ametoka darasani katikati ya somo la hesabu, mara ya nne mwezi ule. Alitaka kuona maji yanaingilia wapi. Walimwita kutoka chini, walimu watatu na mpishi, naye akawajibu kwa adabu kabisa kwamba bado anaangalia. Tangi lile lina urefu wa mita sita. Binti yangu ana miaka sita na nusu.

"Hajaumia," mwalimu alisema. "Hata hakuogopa. Tulioogopa ni sisi. Ila imebidi niandike, mama. Ikifika mara nne tunaandika. Si mimi, ni utaratibu. Baraza la Malezi litakuita Alhamisi."

Nikamshukuru. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajala chakula cha mchana.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

2

Saa kumi jioni ikifika, kishikizo hugonga mara moja ndani ya mfupa. Ni amri ya Baraza. Kuanzia saa kumi hadi saa moja, kila siku, nikiwa nyumbani, nimshike Ikupa.

Amri yenyewe niliitafuta mwenyewe, naweza kusema. Mwaka jana nilimwacha kwenye benchi la kliniki siku ya chanjo. Nilitoka kununua ndizi za kuchoma. Nje kulikuwa na mtu amefungua pampu ya maji, na ndani ya pampu ile kulikuwa na valvu ya aina ambayo sijawahi kuiona. Nikamshikia spana. Niliporudi yalikuwa yamepita masaa mawili na nusu, Ikupa amelala mapajani mwa nesi, na nesi ameshapiga simu. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi nesi, ningepiga.

"Mama, umeshawasha?" Ikupa aliniuliza jioni ile ya Jumanne. Alikuwa amekaa juu ya meza, mguu wa kushoto ukicheza.

"Siwashi. Nashika."

"Haya, shika basi tumalize."

Nikaweka kidole nyuma ya sikio, kwenye uvimbe ulio kama punje ya harage. "Namshika Ikupa."

Chumba kikapungua. Paa linalovuja lilikuwepo, barua ambazo sijafungua zilikuwepo, redio ya jirani ilikuwa inaimba, lakini vyote vilikosa uzito. Alibaki msichana mmoja mwenye pengo la jino la mbele na alama ya uji kidevuni. Niliona kwamba kucha ya kidole gumba chake cha kulia imepasuka. Niliona kwamba anapofikiri huvuta pumzi kwa mdomo. Sitasema uongo: ni kitu kizuri. Nisingekuwa na kishikizo, kuna mambo ya mwanangu nisingeyaona hata akifika umri wa kuolewa.

"Macho yako yamekuwa ya samaki," alisema.

"Samaki gani?"

"Wa sokoni. Wale wa kwenye barafu."

"Nakuangalia wewe."

"Najua. Unaniangalia sana hadi nachoka. Hebu angalia pale." Akanionyesha ukutani.

Nikaangalia. Kulikuwa na ukuta. Haukuwa yeye, kwa hiyo nikarudi.

"Umeona!" akapiga paja. "Pale kuna mjusi anakula mjusi mwenzake, na wewe hujamwona."

Mvua ikaanza kunyunyiza. Kulikuwa na nguo kwenye kamba nje. Kishikizo hakimkatazi mtu kutembea, ila kila kitu lazima kipitie kwa kile ulichokishika. Nguo zangu mwenyewe zisingenitoa kwenye kiti. Lakini kati ya nguo zile kulikuwa na sare ya Ikupa, na sare ni ya Ikupa, na Ikupa ataivaa kesho. Njia ikapatikana. Nikasimama.

"Nakuja," nikamwambia, nikatoka.

Nilianua sare peke yake. Gauni langu na mashuka niliyagusa kabisa kwa bega nikipita, yakabaki yanalowa.

Niliporudi alikuwa ameshuka mezani. "Mwalimu amesema na mimi nitavishwa kishikizo. Inauma?"

"Kidogo. Kama sindano."

"Wewe unasema mwenyewe unachotaka kushika. Mimi nitasemaje? Nitasema nashika mjusi, halafu watakubali?"

"Sijui," nikasema. Sikujua kweli.

"Basi uulize."

Nilitaka kulifikiria swali lile. Hapo ndipo nilipotambua nilivyobanwa. Nikiwa nimeshika, sikuweza kumfikiria Ikupa wa Alhamisi, kwa sababu nilikuwa nimemshika Ikupa aliye mbele yangu, anayechokonoa kucha iliyopasuka. Saa moja ilipofika nikaachia, nikajiambia sasa nitakaa nifikirie. Niliosha nusu ya sufuria. Nikakumbuka mashuka, nikatoka, nikaona mfereji umeziba, nikaanza kuuzibua kwa mti. Nikarudi ndani kutafuta jembe, nikafungua barua moja, sikuimaliza. Alhamisi ilikuwa inapita kichwani kama mtu anayepita dirishani; kila nikigeuka ameshapita.

Nilijaribu na hila. Nikaweka kidole nyuma ya sikio nikasema, "Naishika Alhamisi." Kishikizo hakikujibu. Hakishiki kitu ambacho hakipo mbele ya macho.

3

Baraza la Malezi linakaa kwenye jengo lililokuwa ghala la majani ya chai, na hadi leo kuta zake zinanukia chai kavu. Kulikuwa na meza moja ndefu. Mwenyekiti, Mama Kyejo, ni mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Alinipa mikono yake yote miwili na kuniuliza habari za mvua upande wetu. Pembeni alikaa Fundi Lutengano, kijana mpole wa vishikizo, na kompyuta yake na waya wake mweusi. Upande wa pili alikaa wifi yangu Tusajigwe, ametoka Uyole alfajiri.

Tusajigwe ni dada wa baba yake Ikupa. Kaka yake yuko kwenye meli za kuchimba madini chini ya bahari, anarudi mara moja kwa miaka miwili, na mambo ya huku amemwachia dada. Nyumbani kwa Tusajigwe vijiko vinalala vyote vimeelekea upande mmoja. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Ndaga, wifi," alinisalimu. "Leo viatu ni jozi moja."

"Nimevikagua mara mbili."

"Naona. Gauni ndiyo limegeuzwa."

Nikajitazama. Mshono ulikuwa nje. Ikupa, aliyekuwa ameshaingia chini ya meza kuhesabu skrubu, alicheka kabla yangu.

Lutengano alinichomeka waya nyuma ya sikio, akasoma. "Siku tisini na mbili. Muda wa kumshika mtoto, asilimia tisini na saba. Hii ni nzuri mno. Tatizo liko kwenye ahadi."

"Ahadi gani?"

"Kishikizo cha amri kinasikiliza mlezi anachomwambia mtoto, kisha kinapima kama amekitimiza. Kuna ahadi moja imevunjwa mara mia mbili na nane." Akanigeuzia skrini. "Unamwambia mtoto 'nakuja.' Na kila ukisema hivyo, umbali kati yenu unaongezeka."

Tusajigwe alikohoa kile kikohozi cha kuficha kitu.

"Nilikuwa natoka," nikasema.

"Ndiyo, kinasema ulikuwa unatoka. Na ulisema unakuja."

"Fundi, wewe ukitoka nyumbani kwako mara moja, unamwambiaje mkeo?"

Akajikuna shingo. "Namwambia nakuja. Sote tunasema hivyo, dada. Lakini waliokitengeneza walikifundisha Kiswahili cha vitabuni. Kuja ni kuja."

"Basi futa."

"Siwezi kufuta. Naweza kuandika maelezo tu, na nimeshaandika. Ila maelezo yanakaa ukurasa wa mwisho, alama zinakaa ukurasa wa kwanza."

Nikamgeukia mwenyekiti. Alikuwa amevua miwani na kufumba macho.

"Mimi nakuelewa, mwanangu," alisema. "Lakini nikiamua kinyume cha alama, mkoani wataniuliza. Nitawajibu nini? Kwamba watu wa huku wakienda husema wanakuja? Wataniambia mama, umezeeka, pumzika." Mtu alibisha mlangoni kumwita, akainuka. "Samahanini. Nakuja." Akatoka.

Tusajigwe akashindwa. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na Lutengano akainamisha uso kwenye kompyuta, mabega yakimtikisika. Nami nilicheka. Kisha nikaona kwamba tumecheka sote watatu na ukurasa wa kwanza uko palepale.

Mama Kyejo aliporudi alisimama kusema, kama watu wanavyofanya wakiwa na habari nzito.

"Njia ni mbili, na zote zimeandikwa, sikuzitunga. Mtoto mwenye hali hii ya akili inayotangatanga akikaa na mzazi mwenye hali hiyo hiyo, na alama za mzazi zimeshuka, mtoto lazima avishwe. Ukitoa ridhaa leo, Fundi anamvisha Ikupa leo, mnarudi nyumbani wote wawili. Usipotoa, mtoto anakwenda kwa mlezi mwenye alama nzuri. Huko hatavishwa. Akifika miaka kumi na minne ataamua mwenyewe."

"Na mimi?"

"Utamwona Jumapili mbili kwa mwezi."

"Kikivishwa, kinatoka lini?"

Lutengano alijibu. "Kwa mtu mzima natoa wakati wowote. Kwa mtoto, mfupa unakua juu yake. Msimu mmoja tu, umeshakifunika. Hakitoki hadi mifupa ikomae, kwenye miaka kumi na minane."

Niliwaza miaka kumi na miwili. Kisha niliwaza nyumba yangu bila mguu unaocheza juu ya meza. Sikukaa kwenye wazo lolote kati ya hayo mawili. Lilipita moja, likapita jingine, katikati yao likapita gauni lililogeuzwa, na skrubu, na harufu ya chai.

"Naomba siku mbili," nikasema.

"Leo ndiyo siku," Mama Kyejo alisema kwa upole. "Na sheria inataka ridhaa itolewe na akili iliyoshikwa. Jibu la akili isiyoshikwa halihesabiki. Shika fomu, mwanangu."

Akaniwekea fomu mbele yangu. Ilikuwa karatasi nne, zimechapwa pande zote.

Nikaweka kidole nyuma ya sikio. "Nashika fomu."

Kila kitu kikaondoka. Tusajigwe akaondoka, chai ikaondoka. Sauti ya Ikupa chini ya meza ikihesabu "thelathini na mbili, thelathini na tatu" ikawa sauti ya mtoto wa mtu. Ilibaki karatasi nyeupe yenye maandishi meusi, na maandishi yale yalikuwa na akili. Kifungu cha kwanza kilieleza nia njema ya serikali, nami nikaona ni nia njema. Cha pili kilieleza takwimu. Watoto waliovishwa wanamaliza shule, hawagongwi na magari, hawaanguki kutoka juu ya vitu. Nikaamini, kwa sababu ni kweli. Mwishoni kabisa mwa ukurasa wa nane kulikuwa na kiboksi cha kidole gumba. Nakumbuka kidole changu kilikuwa tayari, kimeinuka kidogo kutoka mezani. Watu wasiovaa kishikizo, alivyonieleza Fundi baadaye, huruka hadi pale.

Lakini kishikizo hakiruki. Mimi bila kishikizo nisingemaliza kifungu cha kwanza. Nikiwa nacho sikuweza kuacha hata nukta. Nilisoma cha tatu, cha nne, cha tano. Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama nilivyojifunza kusoma vitabu vya mtambo. Nikafika cha tisa. Kilikuwa na mstari mmoja na nusu.

"Kishikizo cha mtoto hakina neno la kuachia kwa upande wa mtoto. Kushika na kuachia hutamkwa na mlezi, au na mwalimu kwa niaba ya mlezi."

Nikakisoma tena. Nikakisoma mara ya tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika fomu na si kitu kingine, mstari ule ukawa mkubwa kama ukuta.

"Kifungu cha tisa," nikasema bila kuinua uso.

"Kinasemaje?" Mama Kyejo aliuliza. Nilisikia karatasi zake zikifunuliwa. Kwa jinsi alivyozifunua mara mbili akikitafuta, nadhani alikuwa hajawahi kukifikia. Simlaumu. Kwa mwaka anapitia fomu mamia.

"Fundi," nikasema, "nikimwambia Ikupa ashike hesabu, atashika hesabu."

"Ndiyo."

"Akibanwa na mkojo?"

"Atajua amebanwa. Ila hautamsumbua. Wewe utamwachia, atakwenda."

"Nyumba ikishika moto?"

"Utamwachia, dada. Mlezi ndiye anayemwachia."

"Mlezi akisahau?"

Akageukia kompyuta yake.

"Nauliza tu," nikasema. Nilikuwa naiangalia fomu, na sauti yangu ilikuwa tulivu kabisa, sauti ya mtu anayesoma presha. "Nimemwambia ashike hesabu. Nje kuna mtu anafungua pampu. Natoka. Yeye amekaa. Saa ya kwanza, saa ya pili. Anasikia njaa, anasikia mvua inamnyeshea, anajua ni njaa na anajua ni mvua. Hawezi kunyanyuka. Neno ninalo mimi, na mimi nimeshika spana."

"Lakini wewe pia utakuwa umevaa," Mama Kyejo alisema.

"Nikiwa kazini nimeshika geji, shule ilinipigia mara kumi na moja. Nilizisikia zote, mama. Sikupokea hata moja." Nikatoa kidole kwenye mstari. "Nisipovaa nasahau kwa sababu nimekwenda. Nikivaa nasahau kwa sababu nimebaki. Kwa vyovyote mimi ndiye ninayesahau. Fomu hii inataka neno la kumfungua mtoto likae kinywani mwa mtu anayesahau."

"Kila mzazi husahau," Tusajigwe alisema ghafla. Hakulisema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananisaidia kubaki na mwanangu, na hilo sikulitegemea.

"Mtoto ambaye hajavishwa akisahauliwa hupiga kelele, wifi. Hutoka, hupanda tangi. Ikupa akisahauliwa leo, atakwenda kutafuta mtu."

Nikageuza hadi ukurasa wa nane. Palikuwa na viboksi viwili, na cha pili, cha kukataa, kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Nikaweka kidole gumba kwenye cha pili.

"Hapana," nikasema, kwa sababu sheria inataka litamkwe. "Naachia."

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Yalikuja yote kwa wakati mmoja, kama ile milio, ila milio ilikuwa kumi na moja tu. Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kuchukua karatasi ile niichane, nilitaka kumbeba Ikupa nikimbie naye hadi Lupando nijifungie naye chumba cha mitambo. Waya ulinivuta shingo.

"Usitikise kichwa, dada, tafadhali," Lutengano alisema. Alikuwa ameweka kiganja chake hewani karibu na sikio langu, kama mtu anayekinga mshumaa. "Nakala ya uamuzi wako inahamia mkoani. Dakika ishirini. Ikikatika, uamuzi wote unafutika na tunaanza upya, na safari nyingine atakayesoma alama zako huenda asiwe Mama Kyejo."

Na gari la Baraza la kuwapeleka Uyole lilikuwa linaondoka saa tisa. Ilikuwa saa tisa kasoro robo.

Kwa hiyo nilimuaga mwanangu nikiwa nimefungwa kwenye meza. Alitoka chini yake, magoti yamechafuka, akaniambia skrubu ni themanini na moja na tatu hazijakazwa. Nikamwambia anakwenda kwa shangazi. Akauliza kwa siku ngapi. Nikamwambia nyingi. Akavuta pumzi kwa mdomo.

"Shangazi ana kuku?"

"Anao," Tusajigwe alisema.

"Wanalala wapi?"

"Utawaona."

Akanikumbatia kiunoni, kwa nguvu, kisha mikono yake ikaanza kuchunguza mfundo wa mkanda wangu. Niliiacha ichunguze.

"Wifi," nikamwambia Tusajigwe juu ya kichwa cha mtoto, "usimwambie akutazame unapoongea naye. Akitazama pembeni ndiyo anasikia. Akikutazama machoni ujue anahesabu kope zako."

"Haya."

"Mpe kitu cha mkononi akiwa anakula. Uji ukiota ngozi juu hali, usimlazimishe, utoe tu ngozi. Ukimtuma vitu vitatu ataleta kimoja na habari ndefu. Sikiliza habari. Vitu viwili utamtuma tena."

"Haya, wifi."

"Akipotea, usitafute barabarani. Tafuta mahali ambapo kuna kitu kinazunguka, au maji yanaingia mahali."

Tusajigwe alikuwa ameshika mfuko wa nguo za Ikupa, ambao Baraza liliagiza nije nao, kwa mikono miwili, umekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe. "Rudia hilo la kwanza," alisema. Nikarudia. Midomo yake ilisogea pamoja na yangu.

Kisha wakatoka, na Mama Kyejo akatoka nao kuwasindikiza.

Dirisha la ghala lile liko mbele ya meza. Sikuhitaji kugeuza kichwa. Mvua ilikuwa ya kunyunyiza tu. Gari la Baraza lilikuwa limewashwa, dereva ametoa kiwiko nje. Tusajigwe alitangulia kwa hatua zake za haraka, zilizonyooka, na Ikupa akamfuata hadi ngazi ya mwisho, halafu akasimama. Kulikuwa na jongoo anavuka ngazi. Alikuwa mkubwa, mweusi, anakwenda kwa namna yao ile, miguu ikipita kama wimbi. Ikupa akachuchumaa.

Dereva alipiga honi.

Tusajigwe aligeuka. Alikuwa ameshafika nusu ya uwanja. Niliuona mdomo wake ukifunguka, na mdomo ule naujua. Niliusikia siku ya harusi yangu na siku nyingi baadaye. Nilibana meza. Yote niliyomwambia yalikuwa maneno tu, ya dakika kumi, kwa mtu ambaye vijiko vyake vinaelekea upande mmoja.

Mdomo ukafunga. Akarudi hatua zote zile. Akasimama nyuma ya mtoto, akatazama chini, akatazama gari, akatazama chini tena. Kisha akaweka ule mfuko uliokunjwa vizuri juu ya ardhi iliyolowa, akabana kitenge katikati ya magoti, akachuchumaa.

Sikusikia walichosema. Ikupa alinyoosha kidole. Tusajigwe aliinamisha kichwa karibu na ngazi, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Dereva akapiga honi tena, ndefu. Tusajigwe hakugeuka. Aliinua tu kiganja kimoja juu ya bega, kumwelekea, akakiacha pale hewani.

"Bado dakika sita," Lutengano alisema. "Usitikise kichwa."

Sikutikisa. Jongoo alikuwa bado hajafika ukingoni.